Nyuki na winta: kazi yenyewe ni ya Agosti, kufunika mzinga ni jambo la mwisho

Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa kwanza unaweza kuamka ukakuta nje ni digrii 30 chini ya sifuri, gari linagoma kuwaka, na hapo nyuma ya nyumba kuna boksi la mbao lina maelfu ya nyuki na katikati yao kuna joto la digrii 20 na kitu mpaka 35 juu ya sifuri. Hawajalala wala hawajaganda. Nyigu wa mtaa mzima walishakufa tangu vuli, kabaki malkia mmojammoja kajificha kwenye upenyo wa gome la mti, lakini nyuki wa asali wanaivuka winta kundi zima, macho kabisa, wanakula asali na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili wapate joto, usiku na mchana, Novemba mpaka Aprili.

Naanza na hilo kwasababu mfugaji mpya, na hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukaja kukutana na baridi ukubwani, tukiona theluji inanukia tunawaza kitu kimoja tu, nifunike mzinga na nini. Mtu anatafuta blanketi kuukuu, mwingine anauliza aingize mzinga gereji au aweke hita. Hilo ndo swali la mwisho kabisa. Baridi kavu, nyuki wenye afya, walio wengi na wenye chakula wanaimudu. Kinachowamaliza ni vitu vitatu vingine: utitiri (vidudu vidogo vinavyong'ang'ania nyuki), njaa na unyevu, kwa mpangilio huohuo, na ubaya ni kwamba hicho cha kwanza kinaamuliwa mwezi wa nane, wewe bado unavaa tisheti na maua yamejaa pembeni ya barabara, winta hata huiwazi.

Nyumbani mzinga una utaratibu mwingine. Nyuki wa Tabora au Kitui ukame ukizidi, maua hamna, au wamesumbuliwa sana, wanahama. Unakuta mzinga mtupu, na msimu ukirudi linaingia kundi lingine, ndo maana wazee walikuwa wanatundika mizinga ya magogo mingi kwenye miti na kusubiri, huu usipoingia nyuki ule utaingia. Nyuki wa kule hajazi stoo kubwa kivile kwasababu kuna sehemu nyingine mvua imenyesha na kuna maua. Nyuki wa huku asili yake Ulaya, wengi ni wa Kiitaliano au wa Karniola, na hana pa kuhamia. Kuanzia baridi kali ya Oktoba mpaka mierebi itoe chavua mwishoni mwa Machi au Aprili hakuna ua hata moja nje, aende wapi? Kwahiyo yeye kazi yake ni kulimbikiza na kukaa palepale, na wewe kazi yako ni kuhakikisha ana wenzake wa kutosha, ana chakula cha kutosha, na hanyeshewi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa kuna jambo moja ukilielewa vizuri mengine yote yanajipanga yenyewe. Nyuki kibarua aliyezaliwa Juni anaishi wiki tano au sita, anachakaa mabawa, anafia shambani. Nyuki kibarua aliyezaliwa mwishoni mwa Septemba anaishi miezi minne, mitano, hata sita. Mama yao ni malkia yuleyule, mayai ni yaleyale, ila huyu wa vuli anazaliwa wakati majana, yaani watoto wa nyuki walioko kwenye vitundu vya sega, ya kulea yanapungua, anakula chavua nyingi na badala ya kuitoa yote kama maziwa ya kulishia watoto anaitunza mwilini, tumboni kwake kuna tabaka la mafuta na protini nene kuliko la nyuki wa kiangazi. Hayo mafuta ndo maisha yake. Ndo kinga yake ya magonjwa, na Februari malkia akianza tena kutaga, huyuhuyu nyuki mzee wa miezi mitano ndo anayatumia kulea majana ya kwanza wakati nje bado hakuna chavua. Yaani mzinga unaouona umesimama kwenye theluji unabebwa na kizazi kimoja tu cha nyuki. Kikiharibika hicho hakuna kingine cha kuziba pengo mpaka masika.

Haya, piga hesabu kurudi nyuma. Yai mpaka nyuki kibarua ni siku 21, siku tatu yai, kama sita jana linalolishwa, halafu 12 limezibwa kwa nta. Nyuki anayetoka mwishoni mwa Septemba yai lake lilitagwa mwanzoni mwa Septemba, na waliomlisha ni nyuki waliozaliwa Agosti. Ukitaka nyuki wa winta wenye afya lazima walezi wao wawe na afya. Kwahiyo mzinga unatakiwa uwe msafi kabla Agosti haijaisha, sio Oktoba, Oktoba nyuki wa winta wameshazaliwa, kama wamezaliwa wameumwa ndo basi tena, utaua utitiri wote na bado mzinga utakufa Januari.

Utitiri wenyewe ni wa varoa, mdudu mwekundu wa kahawia, bapa, ukubwa kama kichwa cha pini. Mwenyeji wake wa asili ni nyuki wa Asia, akahamia kwa nyuki wetu wa asali, na Marekani aligunduliwa mwaka 1987. Anaingia kwenye kitundu cha jana siku moja mbili kabla hakijazibwa, anazaliana humo ndani chini ya nta, nyuki anatoka na utitiri wapya pamoja naye. Kwa miaka mingi tuliambiwa anafyonza damu, mpaka mwaka 2019 utafiti ulioongozwa na Samuel Ramsey ukaonyesha kwamba chakula chake kikuu ni yale mafuta ya mwilini. Rudi juu usome nilichosema kuhusu nyuki wa winta uone balaa lake lilipo, anakula kilekile ambacho nyuki anategemea kuvukia miezi mitano. Halafu anaacha virusi, na kinachojulikana zaidi ni kile kinachofanya nyuki azaliwe na mabawa yaliyokunjamana.

Na Agosti ndo wakati mbaya zaidi kwasababu idadi ya utitiri inapanda kiangazi chote ikifuata majana, alafu malkia anaanza kupunguza kutaga, majana yanakuwa machache na utitiri ni walewale, kwahiyo wanajazana kwenye vitundu vichache vilivyobaki, ambavyo ni vya nyuki wa winta. Mzinga kwa nje unaonekana umenona, nyuki wamejaa mlangoni, asali ipo. Ndani umeshaoza.

Hapa ndo uzoefu wa nyumbani unatuangusha, nalisema kwa upole kwasababu najua watu waliokulia kwenye mizinga ya babu zao na wanawajua nyuki kweli. Varoa iliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wa kule kwa sehemu kubwa wanaishi nao bila dawa yoyote, mfugaji wa Sikonge hajawahi kuhesabu utitiri maishani mwake na hajapungukiwa kitu. Huku usipohesabu umeacha mzinga kwenye bahati nasibu. Kati ya Aprili 2022 na Aprili 2023 wafugaji wa Marekani walipoteza karibu asilimia 48 ya makundi yao, na walio wengi wanaitaja varoa kati ya sababu za mwanzo kabisa.

Kuhesabu kwenyewe kunafanyika hivi. Unafungua mzinga siku ya jua, unatoa fremu (kiunzi cha mbao kinachoshika sega) yenye majana, ya katikati, unaikagua pande zote mbili taratibu kuhakikisha malkia hayupo juu yake, na kama humuoni ila huna uhakika itazame tena, ukimtumbukiza malkia mwezi wa nane umejitakia makubwa. Unakung'uta nyuki kwenye beseni, wale wazee wanaruka wanarudi, wanabaki walezi wachanga ambao ndo utitiri wanawapenda, unachota nusu kikombe cha kupimia, kama mililita 120, hao ni nyuki 300 hivi. Unawamimina kwenye chupa yenye spiriti, unafunga, unazungusha kwa dakika nzima, unachuja kupitia wavu wa matundu yanayopitisha utitiri na kuzuia nyuki, kisha weka chupa juu ya karatasi nyeupe, chini yake unawaona utitiri wametulia, vidoti vya kahawia. Hesabu, gawanya kwa tatu, hiyo ndo idadi kwa nyuki 100. Wakiwa tisa ni tatu kwa mia. Wengi wanatibu ikifika tatu, mimi kwa Agosti naona hata mbili ni nyingi. Ndio, hao nyuki 300 wanakufa na inauma, nimeona watu wanakataa kabisa kufanya kwasababu hiyo, lakini mzinga wa kiangazi malkia anataga mayai zaidi ya elfu kwa siku, hao 300 wanarudi kabla ya chakula cha mchana. Kuna njia ya sukari ya unga ambayo haiui, ila hesabu yake inayumba zaidi.

Ukikuta wamezidi unatibu, na dawa inachaguliwa kwa joto la nje na kama bado una boksi za asali yako juu. Asidi ya fomiki mvuke wake unapenya mpaka chini ya nta na kuua utitiri waliomo kwenye vitundu, ni kali, inafanya kazi haraka, lakini siku zikizidi digrii 29 inaweza kuua majana na hata malkia, kwahiyo Agosti ya joto unasubiri wiki yenye ubaridi kidogo. Thaimoli inataka joto, chini ya digrii 15 haivukizi vizuri. Vipande vya amitrazi unaning'iniza katikati ya fremu za majana wiki sita mpaka nane, ni lazima uwe umeshatoa asali ya kula watu, na ukishamaliza muda wake vitoe, usiviache humo winta nzima ukawafundisha utitiri kuizoea dawa. Asidi ya oksaliki ni ya bei nafuu na nzuri sana ila haipenyi nta, kwahiyo nguvu yake iko mwishoni mwa Novemba au Desemba malkia akiwa ameacha kutaga na utitiri wote wako nje mgongoni mwa nyuki, hawana pa kujificha. Ile ni ya kumalizia, haichukui nafasi ya ile ya Agosti. Vaa gloves na kinga ya pua na macho, na soma maelekezo ya pakiti, kipimo sio cha kukadiria. Ukishatibu hesabu tena baada ya wiki chache, dawa saa nyingine haikubali.

Unaponunua malkia mwingine uliza pia asili yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya nyuki, na Marla Spivak wa hapo alizalisha nyuki wenye tabia ya usafi, wanaonusa jana lenye ugonjwa au utitiri chini ya nta wakalifukua na kulitupa nje. Sio kwamba hutohesabu tena, ila wanakusaidia sana.

Septemba ni ya kuamua nani anaingia winta. Tafuta mayai, ukiyaona malkia yupo na anafanya kazi. Kama hayupo, mnunulie mwingine haraka au unganisha kundi na lingine, kwasababu vibarua wanafukuza madume wote vuli na malkia mpya akizaliwa Oktoba hana wa kupandana naye. Kundi dogo nalo usilihurumie. Nyuki wachache hawawezi kushikilia joto, na kwa baridi ya Minnesota kundi lisilofunika hata fremu nane mwezi wa tisa hilo ni la kuunganishwa. Tandika gazeti juu ya boksi la kundi lenye nguvu, lichane mikato midogo michache, weka boksi la kundi dogo juu, watalitafuna gazeti siku mbili tatu na harufu zitakuwa zimeshachanganyika, hawapigani. Ila angalia kwanza kwanini hilo dogo ni dogo. Kama ni utitiri au ugonjwa usiupeleke kwa wazima.

Chakula sasa. Hapa Minnesota kundi linahitaji asali kilo 35 mpaka 45 kuvuka mpaka maua, wakati Uingereza kwenye winta laini wanaenda na kilo 20 hivi, kwahiyo kabla hujafuata ushauri wa mtu jua kwanza anafugia wapi. Na usichukue ushauri wa wenye maelfu ya mizinga ambao vuli wanapakia kwenye malori kwenda kusini, Februari wako California kwenye mashamba ya lozi, huyo winta yako haijui. Fremu moja ya boksi la kina kirefu ikijaa asali pande zote mbili ina kama kilo 2.7, kwahiyo 15 zilizojaa zinakupa kilo 40. Nyanyua mzinga kwa nyuma kidogo kwa mkono mmoja. Ukinyanyuka kirahisi chakula ni kidogo, unatakiwa uhisi kama umepigiliwa chini. Mwaka wa kwanza mimi nashauri usirine kabisa, waachie yote, kundi lililoanza Aprili na masega mapya lina kazi ya kujenga nta na kujaza stoo kwa wakati mmoja, hilo lako la kurina litakuja mwaka wa pili.

Pakipungua unawapa shira nzito, kilo mbili za sukari nyeupe kwa lita moja ya maji, koroga kwenye maji ya moto na usiichemshe ikaungua. Nyeupe tu. Sukari ya kahawia na sukari guru zina uchafu ambao nyuki hawezi kuumeng'enya, na nyuki winta hajisaidii ndani ya mzinga, anabana mpaka itokee siku ya jua yenye digrii kama 10 aruke atoke nje, ukimjaza uchafu tumboni ataharisha humo ndani na ndo mwisho wa kundi. Asali ya dukani nayo usiwape, inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza majana. Anza Septemba, maliza kabla ya katikati ya Oktoba, kwasababu shira lazima waipunguze maji na kuiziba, na chini ya digrii 10 hawaigusi, inabaki kuwa unyevu tu.

Na chakula kikae juu. Hili wengi hawalijui. Baridi ikishuka chini ya digrii 14 hivi nyuki wanajikusanya bonge moja kwenye masega, wa nje wamebana vichwa vimeelekea ndani, wa katikati wanatetemeka, na hilo bonge linaanzia chini linapanda taratibu likila asali iliyo juu yake. Halipashi mzinga mzima, linajipasha lenyewe. Kwenye baridi kali haliwezi kuvuka hata fremu mbili kwenda pembeni, kwahiyo nyuki wanaweza kufa njaa na asali iko sentimita chache tu, utawakuta wamekufa vichwa vimezama kwenye vitundu vitupu, mikia iko nje, na fremu ya pembeni imejaa mpaka juu. Panga fremu nzito boksi la juu, nyuki na majana boksi la chini. Na toa wavu wa kuzuia malkia! Ukiuacha, bonge litapanda kufuata asali, malkia hapiti, anabaki chini peke yake na anakufa kwa baridi, unabaki na mzinga wa yatima.

Panya anaingia Septemba na Oktoba, usiku nyuki wakiwa wamejikusanya hawamuoni, anajenga kiota cha majani kona ya chini, anatafuna masega, anakojolea. Weka kibati chenye matundu ya milimita kama 9 au 10 mlangoni, nyuki anapita panya hapiti, lakini hakikisha kwanza hujamfungia ndani.

Unyevu ndo unaoua kimyakimya. Nyuki akila asali anatoa maji kwa pumzi, sukari yoyote mwilini inaishia kuwa hewa na maji, na kilo moja ya asali inatoa karibu theluthi mbili ya lita. Wakila kilo 30 winta nzima hiyo ni ndoo ya lita 20, imetoka kama mvuke ndani ya boksi lililofungwa. Mvuke unapanda, unakuta mfuniko wa baridi kama barafu, unageuka matone na kuwadondokea nyuki mgongoni. Nyuki mkavu kwenye digrii hasi 30 anaishi, nyuki aliyelowa kwenye sifuri anakufa.

Kwahiyo joto linalindwa juu kwanza. Weka ubao wa foam wa sentimita tano chini ya mfuniko, ili sehemu ya juu iwe na joto kuliko kuta, mvuke ukigeuka maji ugeukie kwenye kuta za pembeni na kutiririka chini. Wengine wanaweka boksi fupi la maranda ya mbao juu likanyonya mvuke, nalo ni zuri. Kuhusu tundu la juu watu wanagombana sana, wapo wanaosema linapoteza joto na bora mzinga uzibwe juu na ulindwe vizuri, na wapo wanaotaka hewa ipite. Wote wana mizinga hai. Mimi kwa theluji ya huku naacha tundu dogo la juu la kupita kidole, kwasababu mlango wa chini unazibwa na barafu na nyuki waliokufa, na wale wa juu wanahitaji pa kutokea siku ya jua. Inamisha pia mzinga mbele kidogo, weka kipande cha mbao nyuma, maji yatoke.

Kufunika pembeni kunafuata hapo, mwanzoni mwa Novemba, mchana ukishakuwa wa baridi moja kwa moja. Karatasi nyeusi ya lami ya kuezekea au boksi la karatasi ngumu lenye nta vinatosha, vinakata upepo na kuvuta jua kidogo mchana. Usizibe milango. Upepo wa kaskazini magharibi ni mbaya kuliko namba ya kipimajoto, kama huna fensi panga marobota ya majani makavu upande huo. Hita usiweke kabisa, nyuki wakipata joto la uongo Januari wanatawanyika, wanakula mara mbili, na wengine wanatoka kwenda kufa kwenye theluji.

Baada ya hapo unawaacha. Najua ni ngumu. Usifungue fremu hata moja chini ya digrii 10, wamefunga nyumba yao kwa gundi na joto ukilitoa wanalilipa kwa asali. Weka sikio kwenye mbao, gonga mara moja kwa kidole, utasikia mvumo unapanda na kushuka, wapo. Nyuki waliokufa mbele ya mlango na madoa ya njano kwenye theluji baada ya siku ya jua ni habari njema, maana yake wamesafisha nyumba na wamejisaidia nje. Kundi lililoingia na nyuki 30,000 linaweza kutoka na 10,000 na likawa zima kabisa. Ingiza kijiti mlangoni mara mojamoja uvute maiti zilizoziba njia. Theluji laini juu ya mlango haina neno, hewa inapita, barafu ndo uivunje.

Wanaofurahi Krismasi kwamba wamevuka naomba wasubiri. Mizinga mingi inakufa Februari na Machi. Malkia ameanza kutaga, katikati ya bonge inabidi pawe digrii 34, 35 muda wote kwa ajili ya majana, ulaji unapanda ghafla na stoo iko mwishoni. Siku tulivu isiyo na upepo funua mfuniko tu, chungulia, ukiwaona nyuki wameshafika juu kabisa kwenye vichwa vya fremu chakula kinawaishia, tandika karatasi ya gazeti juu yao, mimina sukari kavu nyeupe kilo mbili tatu, ilowanishe kidogo ishikane, funika. Ni dakika moja. Inaokoa mizinga mingi, na ile sukari inanyonya unyevu pia.

Ukikuta mzinga umekufa usiusafishe kwa hasira, usome kwanza. Nyuki wachache kiganja kimoja, asali imejaa, na ukigeuza sega kwenye mwanga unaona vidoti vyeupe vimegandia dari ya vitundu, hicho ni kinyesi cha utitiri, mzinga ulikufa kwasababu ya Agosti. Vichwa ndani ya vitundu vitupu ni njaa. Bonge kubwa, limelowa, chakula kipo, mfuniko una maji, ni unyevu, japo ukungu peke yake sio ushahidi, unaota hata baada ya kufa. Ukiona magamba meusi makavu yameng'ang'ania chini ya vitundu hayabanduki, na harufu mbaya, usitumie hizo fremu na usimpe mtu, mwite anayejua magonjwa azione, kwasababu vimelea vya ule ugonjwa wa kuoza majana vinakaa kwenye sega miongo na dawa yake ya kweli ni moto. Kama ni safi, ziba milango yote nyuki wa jirani wasije kuiba na kubeba walichokikuta, fremu zenye asali zitunze mahali pa baridi, na Aprili ukileta nyuki wapya wape hizohizo, wanaanza mwaka masega yamejengwa na chakula kipo mezani.